Anayemdai Marehemu Ajitokeze



Naanza na maneno ambayo wewe na mimi tumeyasikia mara nyingi hata masikio yameyazoea. Watu wamejaa uani, turubai limefungwa, sala zimekwisha, jeneza linangoja kunyanyuliwa. Mzee mmoja wa familia anasimama, anakohoa kidogo, anasema: "Ndugu zangu, kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze aonane na familia. Na kama kuna ambaye marehemu anamdai, naye pia aseme." Kinapita kimya kifupi. Halafu safari ya makaburini inaanza.

Kwenye msiba wa baba yangu maneno hayo aliyasema baba mdogo. Kimya kilipita kama kawaida, na wanaume walikuwa wamekwisha kuinama kushika jeneza, pale mzee mmoja ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemfahamu aliposogea, akavua kofia, akasema: "Mimi simdai marehemu. Yeye ndiye ananidai mimi." Akaeleza kwamba miaka minne nyuma baba alimkopesha fedha za kununulia mashine ya kusaga, na mpaka siku ile alikuwa amerudisha nusu. Karatasi hakuwa nayo. Alikuwa ametoka Kilosa kwa nauli yake kuja kusema hayo tu. Mama, aliyeishi na baba miaka 39 chini ya paa moja, ndiyo kwanza anasikia habari ya mashine.

Yule mzee nimemwombea dua mara nyingi. Lakini kuna swali lililonikaa rohoni tangu siku ile: ni wangapi ambao hawakuja? Anayemdai marehemu hujitokeza bila kuhimizwa, tena mapema, wengine hata kabla ya tanga kuanuliwa. Anayedaiwa akiamua kunyamaza, siri inabaki kwake na kwa udongo.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mirathi na wosia, na nina jambo moja la kukuambia, mengine yote yanalizunguka hilo. Swali lile la matangani ni swali zuri sana, ila tunaliuliza siku ambayo mtu pekee anayeweza kulijibu amefungwa kinywa. Naomba tulitoe matangani tulilete mezani, wakati wa chakula, wote tukiwa hai.

Nilifanya kazi miaka mingi katika masjala ya mahakama ya mwanzo, kupokea majalada na kuyapanga. Majalada ya mirathi niliyatambua kwa unene wake. Kesi ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani huisha katika kurasa chache. Ya mirathi hufungwa kwa kamba, na baadaye kwa kamba mbili. Ukifungua ndani hukuti majambazi. Unakuta ndugu waliokula sahani moja utotoni, kila mmoja ameapa kwamba "marehemu aliniambia". Aliniambia shamba la bondeni ni langu. Aliniambia nyumba isiuzwe. Aliniambia yule si mtoto wake. Ugomvi mwingi niliousoma mle haukuanzishwa na tamaa. Ulianzishwa na kutojua. Tamaa ilikuja baadaye ikakuta mlango uko wazi.

Najua kinachotufunga mdomo. Tunasema ni uchuro, kwamba mtu akiandika wosia anajiitia kifo. Lakini bibi zetu wa pwani walikuwa wakinunua sanda yao mapema, wakaiweka chini kabisa ya sanduku pamoja na udi na marashi, na wajukuu wakajua iko wapi. Wengi wao waliishi miaka mingi baada ya hapo, sanda ikawa ya kale kuliko wajukuu. Hakuna aliyewaambia wanajichuria. Watu wale walijua kwamba kuitengeneza safari hakuiharakishi.

Sasa kijana anayenisikiliza, wa miaka 23 au 25, anasema haya ni ya wazee wenye majumba. Yeye ana simu na godoro tu. Mwanangu, hebu tuhesabu pamoja. Una fedha kwenye simu. Kama umeajiriwa una michango NSSF. Pengine uko kwenye kikoba. Pengine umelipia nusu ya kiwanja huko Chanika au Kibaha, na ushahidi wako ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, umeikunja ndani ya Biblia au Msahafu. Na pengine una deni, lile la mkopo wa riba kali unaoitwa kausha damu, ambalo hujamwambia mtu.

Au unaendesha bodaboda ya mkataba. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jambo hili linawaumiza watu wengi na halisemwi. Kijana anachukua pikipiki kwa tajiri, anapeleka hesabu kila wiki kwa mwaka mmoja na zaidi, na mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake. Kadi ya pikipiki muda wote huo inasoma jina la tajiri. Malipo yameandikwa kwenye daftari dogo, na daftari liko mfukoni mwa kijana. Anapata ajali zimebaki wiki sita. Mama yake yuko Kondoa. Hajui jina la tajiri, hajui mkataba uliandikwa mbele ya nani, hajui hata kwamba pikipiki ile ilikuwa karibu kuwa ya mwanawe. Tajiri akiwa mwungwana, atamtafuta mama. Asipokuwa mwungwana, jasho la mwaka mzima limepotea, na si rahisi mahakama ilirudishe bila karatasi. Dawa yake haihitaji wakili. Piga picha ya mkataba na ya kurasa za daftari kila mwezi, mtumie mtu mmoja unayemwamini, umwambie hii ni nini na tajiri anaitwa nani. Dakika tano zinatosha.

Ukishaajiriwa, kumbuka pia kwamba mafao ya mifuko ya hifadhi, NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma, yana utaratibu wake wa sheria kuhusu nani anayepata mwanachama akifariki. Wosia wako haubadilishi hilo. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha mfuko unawajua watu wako: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nimewaona watumishi waliojaza fomu wakiwa hawajaoa, wakamwandika mama. Mama akatangulia mbele ya haki, wao wakaoa, wakazaa, wakastaafu, na fomu bado inamtaja mama. Benki nayo, yule uliyemjaza kwenye fomu kama mtu wako wa karibu hawi mmiliki wa fedha zako kwa sababu hiyo tu. Benki ikishajua mteja amefariki itataka barua za usimamizi kutoka mahakamani. Na ile tabia ya kukimbilia mashine ya kutolea fedha na namba ya siri ya marehemu kabla benki haijapata habari, ndugu zangu, tuiache. Hiyo ni kuingilia mali ya marehemu bila idhini, na sheria inakataza. Tena ndiyo cheche ya kwanza ya mashaka ndani ya nyumba: alitoa kiasi gani?

Tufike sasa kwa wenye ndoa, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi, maana hapa ndipo palipo na machozi.

Tanzania Bara hatuna sheria moja ya urithi. Tuna tatu, na kila moja ina hesabu yake. Chukua mfano huu. Baba amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Maziko yamegharamiwa, madeni yamelipwa, imebaki shilingi 24,000,000. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumni, yaani moja ya nane, shilingi 3,000,000. Zilizobaki mtoto wa kiume anapata 14,000,000 na binti 7,000,000. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza walituletea nasi tukaendelea kuitumia, mke anapata theluthi, shilingi 8,000,000, na watoto wanagawana theluthi mbili sawasawa, kila mmoja 8,000,000. Kwa sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la juu, binti yuko daraja la mwisho, na mjane mwenye watoto hana fungu. Imeandikwa kwamba atatunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Fedha ni zilezile. Watu ni walewale. Majibu ni matatu.

Ipi itatumika? Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Kwa mtu ambaye maisha yake yalinyooka upande mmoja, hakuna shida. Lakini wangapi kati yetu tumenyooka? Mtu alibatizwa utotoni, akatoa mahari kimila, akajenga Dar es Salaam, ana kihamba, yaani shamba la ukoo, kwao Machame, kila Desemba anarudi kuchinja na kukaa na ukoo. Akifariki bila wosia, ndugu watasema aliishi kimila. Mke atasema aliishi Kikristo. Na kila upande utaleta picha na mashahidi. Kwenye kikao cha ukoo, atakayeshinda mara nyingi ni mwenye sauti kubwa, na mjane siku hizo hana sauti kabisa, amemaliza kulia.

Machungu kama hayo yaliwapata wajane wawili wa Shinyanga. Waume zao walifariki, jamaa za waume wakawaondoa nyumbani pamoja na watoto wao wadogo kwa kufuata mila hizo za 1963. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba mila zile zinawabagua wanawake, ila ikakataa kuzibatilisha. Wakakata rufaa, wakasubiri miaka minne, rufaa ikatupwa kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye karatasi. Walisonga mbele hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa. Zaidi ya miaka kumi tangu kufiwa. Watoto wale wadogo walikuwa wamekwisha kukua.

Kuna kesi nyingine ninayoipenda, ya Kagera. Mwanamke aitwaye Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa mtu mzima na hana wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshitaki, kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akaamua kwamba mwanamke ana haki ileile ya kuuza aliyo nayo mwanamume. Wanasheria hulisoma shauri hilo kwa ajili ya uamuzi wa jaji. Mimi namfikiria pia yule baba. Miaka hiyo, kwenye ukoo huo, alikaa akaandika jina la binti yake. Bila karatasi ya baba, binti angeingia mahakamani na nini?

Kwa hiyo baba uliye nyumbani jioni hii, ukisema unampenda mkeo, andika. Na jina la mkeo liingie kwenye hati ya nyumba wakati mnajenga. Mkiandikishwa kuwa wamiliki wa pamoja, mmoja akifariki ardhi inabaki kwa aliye hai. Mkiandikishwa kila mtu na fungu lake, fungu la marehemu ndilo linaloingia kwenye mirathi. Muulizeni afisa ardhi tofauti hiyo kabla hamjatia sahihi. Na ninyi mnaoishi pamoja bila ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mkikaa miaka miwili na zaidi, na watu wakawatambua kuwa mume na mke, mtahesabiwa kuwa mmeoana mpaka ithibitike vinginevyo. Ni kinga, lakini ni kinga ambayo mwanamke atapaswa kuithibitisha mahakamani, mbele ya mawifi, msiba ukiwa bado mbichi. Fungeni ndoa, au angalau andikeni.

Kwa Waislamu, mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa na Mwenyezi Mungu, na wengi wetu tunadhani basi wosia hauna kazi. Una kazi kubwa. Kwanza madeni, na mahari ya mke ambayo haijalipwa ni deni, hutolewa kabla mrithi yeyote hajagusa kitu. Mwenye kuyajua madeni hayo ni wewe. Pili, una theluthi ambayo unaweza kuusia kwa asiyekuwa mrithi. Mfikirie mjukuu wako aliyefiwa na baba yake wewe ukiwa hai. Siku utakapoondoka, ami zake wakiwepo, yeye harithi. Yatima yule anaweza kukaa kando akitazama ami zake wakigawana nyumba ambayo baba yake alisaidia kubeba matofali yake. Theluthi ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi ya kuwaongoza. Huku Bara mwende kwa sheikh mwenye elimu ya mirathi, kisha muandike.

Wenye watoto wadogo, swali lenu la kwanza lisiwe mali. Liwe: nani atawalea? Shangazi ana moyo lakini ana watoto sita. Mjomba ana uwezo lakini yuko safarini kila siku. Zungumzeni naye mnayemtaka, mumsikie akikubali kwa kinywa chake, kisha mmwandike. Na si lazima anayelea watoto ndiye ashike fedha zao. Mara nyingi ni heri wawe wawili, mmoja awe jicho la mwenzake. Mahakama ikija kuamua itatazama maslahi ya mtoto, na maneno yenu ya maandishi yatawasaidia wanaoamua kwa sababu hakuna aliyewajua watoto wale kuliko ninyi.

Na yuko mtoto mwingine. Tumemwona wote. Anaingia msibani ameshikwa mkono na mama ambaye hakuna anayemjua, amevaa nguo mpya, na uso wake ni uso wa marehemu. Kina mama wanaanza kunong'ona. Mtoto yule hana kosa hata moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake, na kwa upande wa Kiislamu, ikiwa amezaliwa nje ya ndoa na harithi kwa baba, bado iko ile theluthi, na iko hiba, zawadi unayotoa ungali hai. Baba, mtaje wewe. Itakuwa aibu ya wiki moja, pengine mwezi, na mkeo ana haki ya kukasirika. Lakini ukinyamaza, aibu hiyo umemwachia mkeo aibebe peke yake mbele ya waombolezaji, na mtoto umemwachia mlango uliofungwa.

Wazee wangu, shikamoo. Nakuja kwenu na maneno mawili tu.

La kwanza, msingoje kitanda cha hospitali. Wosia hutakiwa kutolewa na mtu mwenye akili timamu, bila kulazimishwa. Dole gumba lililopigwa saa nane usiku wodini, mashahidi wakiwa ndio haohao wanaopewa nyumba, nimeiona mahakama ikilitazama kwa mashaka, na ni haki yake. Kwa wosia wa kimila ulioandikwa, kama unajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja baki, usipojua, wanne. Wosia wa mdomo mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Shahidi asiwe mrithi. Tena mdomo ni mtego: mashahidi hufa, huhama, husahau. Wenzetu wa Kenya sheria yao iliyoanza kutumika 1981 imebana zaidi. Wosia wa mdomo una nguvu ikiwa tu aliyeutoa amefariki ndani ya miezi mitatu.

La pili, msiwape watoto kila kitu mkiwa hai kwa kuogopa ugomvi. Najua wapo wanaoshauri hivyo, na mimi sikubaliani nao. Wosia unaweza kuubadilisha kesho ukiamka na moyo mwingine. Hati ukishaihamisha, nyumba si yako tena, na nimeona mzee akiomba chumba kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mkitaka kugawa, gaweni shamba, gaweni kiwanja, muwaone watoto wakifurahia. Paa la juu ya kichwa chenu libaki na jina lenu.

Neno kuhusu msimamizi wa mirathi, kwa sababu kosa hili liko kila wilaya. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inamteua kaka mkubwa, mahakama inamthibitisha, na kuanzia siku hiyo kaka anatembea kama amerithi. Hapana. Msimamizi ni mtumishi wa warithi na wa wadai. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudi mahakamani kutoa hesabu. Mahakama ya mwanzo humtaka afikishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Asipoleta, mrithi yeyote, hata binti wa mwisho, anaweza kwenda kuuliza, na mahakama inaweza kumvua usimamizi. Watu hawaendi. Wanaogopa kuonekana wanamshitaki kaka. Nyumba inauzwa, wanakuja na kilio, na kilio hicho kinakuja kimechelewa. Ukiandika wosia, mtaje mwenyewe atakayeutekeleza. Si lazima awe mkubwa. Awe mwenye hesabu na asiyeogopa shangazi zake.

Akina mama wa vikoba mnanielewa vizuri kuliko wote. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu, kila mmoja na wake. Sanduku haliwezi kufunguliwa kwa siri. Tumeweza kuitunza hivyo michango ya shilingi elfu mbili mbili. Nyumba, mashamba na watoto wetu tumeviacha kwenye kufuli moja, na ufunguo uko kifuani kwa mtu mmoja anayepanda daladala kila asubuhi.

Sasa ombi langu. Leo mkimaliza kula, kabla vyombo havijatolewa, leteni daftari la shule lenye kurasa zilizobaki. Andikeni maswali manne: tuna nini, tuna nani, tunamdai nani, nani anatudai. Baba ajibu, mama ajibu, na kijana mwenye bodaboda ajibu. Andikeni hati ziko wapi, namba ya kiwanja, jina la tajiri, jina la kikoba na la mweka hazina wake. Tarehe, sahihi. Hilo daftari bado si wosia, lakini mwenye nalo atauandika wosia kwa siku moja. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, husaidia kuandika wosia na kuuhifadhi. Benki, mawakili na viongozi wa dini nao huhifadhi. Popote mtakapouweka, watu wawili wajue uko wapi. Mkifunga ndoa, mkipata mtoto, mkifiwa, mkinunua au kuuza, ufungueni tena.

Na wewe unayenisikiliza ambaye kuna mtu alikukopesha bila karatasi, naye ametangulia, na watoto wake hawajui, unayo nauli ya kufika kwao. Nenda.